Ol Doinyo Lengai kwa Usiku Mmoja: Ya Kujua Kabla Hujapanda

Wengi wanaopanga kupanda Ol Doinyo Lengai huanza kwa kuulizia urefu wake, na jibu lenyewe huwapumbaza. Mlima huu una mita 2,960 hivi. Kilimanjaro una mita 5,895 na Meru zaidi ya 4,500, na yote miwili hupandwa kwa siku kadhaa, mtu akilala vibandani au kwenye hema na kuupa mwili nafasi ya kuzoea. Basi aliyewahi kusimama kilele cha Uhuru kule Kilimanjaro, au hata aliyeishia kibanda cha Mandara akarudi, hujiambia kwamba Lengai si kitu. Hapo ndipo ninapomwomba atulie kwanza. Lengai hauna kibanda, hauna maji, hauna kivuli. Unaupanda usiku, unafika juu alfajiri, unageuza na kushuka asubuhi hiyohiyo kwa miguu iliyokwisha kuchoka na macho ambayo hayakulala. Ugumu wake hauko kwenye urefu. Uko kwenye mteremko, na zaidi kwenye saa za kushuka.

Mlima uko wilaya ya Ngorongoro mkoani Arusha, ndani ya Bonde la Ufa, kusini mwa Ziwa Natron. Kijiji cha kufikia ni Engare Sero. Njia iliyozoeleka ni ya kutoka Arusha hadi Mto wa Mbu, kisha kuiacha lami na kufuata ukingo wa bonde kuelekea kaskazini, ukipita Selela na Engaruka. Kuanzia Mto wa Mbu ni barabara ya vumbi na mawe, na mvua ikinyesha makorongo huikata, kwa hiyo gari liwe la kuhimili njia mbaya. Jaza mafuta Mto wa Mbu, chukua fedha taslimu za kutosha, na hakikisha kuna tairi la akiba lenye upepo. Njiani kuna vituo vya kulipia ada. Dai stakabadhi kila mahali na uzitunze, maana utaulizwa wakati wa kutoka.

Volkano hii ni hai, tena ni ya aina yake. Duniani hakuna nyingine hai inayojulikana kutoa lava ya magadi kama yake. Lava ya volkano nyingi, kama Nyiragongo kule Goma, huwa na joto la nyuzi 1,000 na zaidi na hung'aa nyekundu. Ya Lengai ina nyuzi 500 hadi 600 hivi, ni nyepesi na hukimbia haraka, na mchana huonekana nyeusi kama oili chafu ya gari. Ikipoa na kukutana na unyevunyevu wa hewa hugeuka kijivu, na baada ya siku chache huwa nyeupe pe. Ndiyo maana mgeni akiutazama mlima kwa mbali anaweza kuapa kwamba kileleni kuna theluji. Mwanajiolojia Barry Dawson ndiye aliyewafungua macho wanasayansi wenzake kuhusu lava hii mwanzoni mwa miaka ya 1960; kabla ya hapo wengi hawakuamini kwamba lava ya namna hiyo inaweza kutoka ardhini ikiwa moto.

Mpandaji anahitaji kulijua hilo kwa sababu litamgusa mwilini. Vumbi jeupe atakalolikanyaga karibu na kilele ni magadi. Likichanganyika na jasho huwasha ngozi, likiingia machoni huchoma, na viganja hukauka na kupasuka. Miwani ya kukinga macho na glovu si mapambo. Anayevaa lenzi za machoni aziache chini, avae miwani ya kawaida.

Mlima huu umelipuka mara kadhaa katika miaka inayokumbukwa: 1917, 1940 hadi 1941, 1966 hadi 1967, na kwa kishindo kikubwa kuanzia Septemba 2007. Mlipuko huo wa mwisho ulitanguliwa na matetemeko ya Julai 2007 yaliyosikika mpaka Nairobi, kisha yakafuata majivu yaliyowalazimu baadhi ya wafugaji kuhama na mifugo yao. Kabla ya hapo kasoko ya kaskazini ilikuwa imejaa lava iliyoganda hadi ukingoni. Watu waliingia wakatembea juu yake, wengine wakapiga hema humo humo. Mwaka 2007 mpagazi wa Kimasai alitumbukia kwenye lava akaungua vibaya, akanusurika. Baada ya mlipuko ule sakafu ile haipo tena: pamebaki shimo refu lenye kuta za wima. Picha za zamani za watu wakitembea ndani ya kasoko bado zinazunguka, na zimewatia wengi tamaa ya kutafuta njia ya kuteremkia. Usitafute. Mwisho wa safari ni ukingoni.

Majivu hayohayo yanayotutisha ndiyo yaliyoijenga nchi ya jirani. Kwa maelfu ya miaka upepo umekuwa ukiyapeleka magharibi, na nyanda za nyasi fupi za Serengeti, ambako nyumbu huzaa mwanzoni mwa mwaka, zimerutubishwa na majivu ya Lengai na ya mlima jirani wa Kerimasi. Na kule kando ya Ziwa Natron, karibu na Engare Sero, kuna mamia ya nyayo za watu wa kale waliotembea juu ya tope la majivu, likakauka na kuzihifadhi. Ukizitembelea siku moja kabla ya kupanda, utauangalia mlima kwa jicho jingine.

Kiongozi, na mapatano ya mchana

Usipande bila kiongozi wa Engare Sero. Njia haina alama za kutegemewa. Mvua moja tu inaweza kuchimba korongo jipya mahali ambapo mwezi uliopita palipitika, na usiku makorongo yote yanafanana. Kiongozi aliyepanda wiki iliyopita anajua ni wapi udongo umelegea na ni ufa upi ukingoni umepanuka. Kiongozi wa kutoka mjini, hata awe na vyeti gani, hajui hayo. Ukija na kampuni ya Arusha, hakikisha kwenye mkataba kwamba kijana wa kijijini yumo na analipwa kwa haki.

Kuhusu idadi, huwa sikubali kupunguziwa. Kikundi cha watu wawili au zaidi kiwe na viongozi wawili. Sababu ni hii: mmoja akishindwa saa tisa usiku, kiongozi akiwa peke yake atabaki na njia mbili, na zote mbaya. Ama awageuze wote, na wale wenye nguvu watalalamika na kumshinikiza. Ama amwambie mgonjwa akae hapo gizani kwenye upepo awasubiri hadi asubuhi. Viongozi wakiwa wawili, mmoja anamshusha aliyeshindwa, mwingine anaendelea na waliobaki. Gharama ya kiongozi wa pili ni ndogo mno ukiilinganisha na hatari hiyo.

Kaeni naye mchana, kabla ya kulala, muyazungumze haya uso kwa uso. Mwulize amepanda lini mara ya mwisho na mlima ulikuwaje. Amesikia tetemeko? Moshi au majivu yameongezeka? Wafugaji wanaoishi chini ya mlima huyaona mabadiliko mapema kuliko yeyote. Mkubaliane saa ya kugeuka: mimi husema saa moja na nusu asubuhi, mahali popote mtakapokuwa, hata kama kilele kinaonekana hapo juu. Kisha mwambie waziwazi, mbele ya wenzako wote, kwamba akisema turudi mtarudi na malipo yake hayatapungua hata shilingi. Neno hili lina uzito kuliko kifaa chochote utakachobeba. Vijana wengi wa kazi hii hunyamaza wakimwona mgeni anayumba, kwa kuogopa kwamba wakimgeuza watakatwa fedha au watasemwa vibaya kwa kampuni iliyowaita. Ukimwondolea hofu hiyo tangu mchana, usiku atasema anachokiona.

Hakikisha pia bei mliyopatana imejumuisha nini: ada za kijiji na halmashauri, gari la kuwapeleka mpaka mwanzo wa njia, maji. Gari hilo libaki linawasubiri chini. Mtu akivunjika mguu, hakuna wa kumbeba isipokuwa wenzake na viongozi, na hospitali kubwa ziko mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Mtandao wa simu haupatikani kila mahali mlimani. Mwulize kiongozi ni wapi anaposhika mawimbi.

Jambo jingine la heshima. Kwa Wamasai huu ni mlima wa Engai, yaani Mungu, na watu huenda kuomba pale chini: mvua, uzima, na kina mama wanaotafuta mtoto. Ukikuta watu kwenye ibada, usipige picha, pita mbali. Usipige kelele, na takataka zako zote, pamoja na karatasi za chooni, zishuke nawe.

Nani apande, na lini

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, pumu, mjamzito, na mwenye magoti yaliyowahi kufanyiwa upasuaji amwone daktari kwanza, na ajiandae kukubali akiambiwa hapana. Mwenye selimundu asipande kabisa. Mwinuko, baridi na upungufu wa maji ni vitu vitatu vinavyoweza kuamsha maumivu, na hapa vyote vinakuja usiku mmoja. Watoto nisingewapeleka. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida anaweza, ila afanye mazoezi kwa miezi miwili hivi: ngazi, vilima, na hasa kushuka, kwa sababu msuli wa mbele wa paja haujifunzi kushuka kwa kukimbia kwenye tambarare. Kwa walio Kenya, Longonot ni shule nzuri. Una mita 2,776, njia yake inaeleweka, na ukiuzunguka ukingo wote wa kasoko yake na miguu ikakugomea kesho yake, basi ujue Lengai bado.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, na kile kipindi kikavu cha Januari na Februari. Masika uache mlima upumzike: barabara hukatika na majivu yaliyolowa huteleza vibaya. Ukiweza, chagua siku za mwezi mpevu. Mwanga wake hauondoi haja ya tochi, lakini unakuonyesha umbo la mlima na walipo wenzako, na moyo hutulia.

Viatu viwe buti za kupandia mlima zenye kushika kifundo cha mguu, zilizokwisha kuvaliwa na kuzoeleka. Funika shingo ya buti kwa kitambaa kigumu changarawe zisiingie. Tochi iwe ya kichwani, na betri za akiba, kwa kuwa mikono utaihitaji. Kofia ngumu ni ya lazima kwa maoni yangu, hata kama viongozi wengi hawaivai. Mtu aliye juu yako akitelesha jiwe gizani, hulioni likija. Fimbo moja au mbili ni msaada mkubwa wa kushukia. Maji lita tatu hadi nne kwa kila mtu, na pakiti moja au mbili za ORS. Chakula kiwe cha kula bila kukaa: tende, karanga, mayai ya kuchemsha, ndizi, chapati. Nguo ziwe za kuvaa moja juu ya nyingine, na koti la upepo juu. Joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo aliyeacha joto kali pale ziwani atakuta baridi kileleni, na atakuwa ameloa jasho. Beba fulana kavu ya kubadilisha juu. Ni kitu chepesi na kitakuokoa.

Usiku wenyewe

Kula mapema, jaribu kulala saa moja jioni hata kama usingizi hauji, na pombe usiiguse. Wengi huondoka kijijini kati ya saa nne na saa sita usiku, wakaanza kutembea saa sita au saa saba. Sababu ya kupanda usiku ni joto: mchana ubavu wa mlima hauna hata mti mmoja wa kujificha, na lita nne za maji hazitoshi. Kupanda huchukua saa tano hadi saba.

Mwanzo ni nyasi ndefu na mwinuko wa wastani, na hapo ndipo watu huharibu. Wanakwenda mbio kwa sababu wanaweza. Mfuate kiongozi nyuma yake, usimpite, na utumie kipimo hiki: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, unakwenda kasi mno. Baadaye nyasi hupungua na njia huingia kwenye mifereji iliyochimbwa na mvua katika majivu magumu. Kila mtu aache nafasi na aliye mbele yake, na mawe yakianguka mpige kelele mara moja. Pumzikeni kwa dakika chache tu kila saa; ukikaa robo saa mwili unapoa na misuli inakaza.

Theluthi ya mwisho ndiyo mlima hasa. Mwinuko unafika mahali ambapo mikono inagusa ardhi bila kuinama sana, na mwamba una ganda jembamba la majivu linalomeguka. Hapa mbinu ni moja: mguu ukanyagwe wote, si ncha ya buti, na usihamishe uzito kabla hujaujaribu. Ukikuta kiongozi amechonga vishimo vya kukanyagia, weka mguu hapohapo alipoweka wake. Shika mwamba, usishike nyasi. Karibu na ukingo utaanza kusikia harufu ya kiberiti, na pengine mvuke wa moto utatoka kwenye nyufa karibu na miguu yako.

Kuanzia mita 2,500 hivi baadhi ya watu huumwa na mwinuko, hasa waliotoka pwani siku mbili tu kabla. Kichwa kuuma kidogo na kichefuchefu si ajabu. Kunywa maji, punguza mwendo, mwambie kiongozi. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea mambo yasiyoeleweka, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, hakuna mjadala wala kusubiri macheo. Anashushwa saa hiyo hiyo. Uzuri wa mlima huu ni kwamba kushuka mita mia chache tu mara nyingi humrudishia mtu hali yake.

Ukingoni

Kasoko hai ni ya kaskazini. Ile ya kusini imetulia siku nyingi na imeota mimea. Ukisimama ukingoni kabla ya jua, mara nyingi unasikia kabla ya kuona: mngurumo na mapigo mazito kutoka chini, lava ikirushwa na kuanguka ndani ya vilima vidogo vilivyojijenga kwenye sakafu ya shimo. Kisha mwanga unafunguka mashariki, Natron linaonekana na wekundu wake, na kando yake mlima Gelai. Ni mandhari tukufu kweli, na mtu ana haki ya kukaa kimya akatazama.

Atazame akiwa amekaa nyuma ya ukingo, si juu yake. Ardhi ya ukingoni ina nyufa, na vipande vyake huporomoka ndani bila onyo. Anayetaka kuchungulia alale kifudifudi mahali ambapo kiongozi amepakagua, mwenzake akimshikilia miguu. Msikae kwenye mabonde madogo yasiyopitisha upepo: mlima huu hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni, haina rangi wala harufu. Upepo ukigeuka na kuwaletea moshi unaokaba koo, sogeeni upande wake wa juu. Dakika 30 hadi 45 zinatosha. Vaa ile fulana kavu, kula kitu, funga kamba za buti upya, uzikaze mbele ili vidole visigonge ncha ya kiatu wakati wa kushuka.

Kushuka

Sasa, kwa mara ya kwanza, unauona mlima ulioupanda gizani. Wapo wanaogoma pale juu kwa hofu; si aibu, na kiongozi mzuri amezoea. Atakaa chini yako hatua moja, atakuonyesha pa kukanyaga, na ikibidi ataushika mguu wako na kuuweka mwenyewe. Sehemu ya wima shuka ukiutazama mlima, mikono ikishika, au ukiwa umekaa na kujisukuma polepole kwa visigino. Suruali itachanika, na ichanike. Mahali pa changarawe laini utaona vijana wakikimbia na kuteleza kwa madaha. Wao wamezaliwa hapo, wewe piga hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, mwili usiegemee nyuma.

Aliyechoka huteleza, na uchovu hukolea katika saa ya pili na ya tatu ya kushuka, wakati jua limeshaanza kuchoma na gari linaonekana chini kwa udogo. Kwa hiyo hiyo ndiyo saa ya kulazimisha mapumziko, kunywa maji ya ORS, na kuacha mazungumzo. Kiasi cha maji ulichobaki nacho kileleni kiwe nusu ya ulichoanza nacho. Ukiwa umeshakunywa mengi zaidi, mwambie kiongozi mapema mgawane. Kushuka huchukua saa nne hadi tano, na mwenye magoti mabovu huenda mpaka saa sita.

Ukirudi kijijini usiwashe gari kurudi Arusha siku hiyo, hata kama dereva anasema yuko sawa. Naye amekesha akiwasubiri. Laleni. Jioni mnaweza kutembea taratibu hadi maporomoko ya Engare Sero mkaoge, au kuwaangalia heroe ziwani, maana Natron ndilo zalio kuu la heroe wadogo duniani. Ila msisogelee viota wala kukanyaga ganda la magadi bila mwenyeji, linaweza kuvunjika. Mlipeni kiongozi na wasaidizi wake mkononi, kila mmoja chake, wala si kupitia kwa mtu wa tatu. Na buti zikung'utwe na kuoshwa kwa maji mengi usiku huohuo, pamoja na zipu za mkoba na miguu ya kamera, kwa sababu magadi yakikaa wiki moja hula ngozi, uzi na chuma.